Hela Yenye Jei Mbili

Rukia mwanangu,

Salamu nimeziruka makusudi. Asubuhi umenipa shikamoo ya mlangoni, umeinama unafunga kiatu, nami nikakuitikia marahaba ya mlangoni, ufagio mkononi. Tuseme hiyo imetosha kwa leo. Sasa ni alasiri. Umekwenda Makurunge kumuaga shangazi yako, baba yako yuko chini ya kirikuu chake cha kubebea mananasi anagonga kitu, na mimi nimejifungia dukani, jambo ambalo sijawahi kulifanya siku ya kazi. Watu wameshagonga mlango, nimenyamaza wasijue nimo.

Sitakuandikia habari za makoti na soksi na kula kwa wakati. Hayo shangazi zako wameyasema mpaka yamekuwa wimbo, na mama wa jirani ameongeza ya kwake ingawa yeye mwenyewe hajawahi kuvuka Vigwaza. Nakuandikia kwa sababu jana, mezani, nilikuambia neno nililokaa nalo tangu uko darasa la tano, na wewe ukaisukuma ile hela katikati ya meza kwa ncha ya kidole, ukasema, "Keshokutwa baba atanisindikiza peke yake. Wewe baki dukani." Halafu, ili nisipate pa kupenya, ukaongeza kwamba kirikuu kina viti viwili.

Najua kina viti viwili. Nilikuwapo kiliponunuliwa.

Lakini huku kwetu mtu haachwi aende bila kusindikizwa. Hata mgeni aliyeingia dukani kuuliza tu, hakununua kitu, ninamtoa mpaka barazani na kumwonyesha njia. Wewe unakwenda Hamburg kusomea uuguzi, unakwenda kukaa miaka, na unataka nikuage nimesimama nyuma ya meza ya duka. Tangu useme vile sikai. Nimeosha vikombe visivyo na uchafu. Nimehamisha kabati la shanga kulipeleka dirishani, nimeona linaziba mwanga, nimelirudisha. Baba yako amenitazama akaamua kwenda kulala chini ya gari.

Nianze na hela, maana ndiyo iliyotugombanisha, na maana habari yake nilikupa vipande vipande ulipokuwa mdogo. Leo nakupa yote.

Watu wakisema hela wana maana ya fedha yoyote, hata ile ya kwenye simu. Sisi wa duka hili tukisema hela tunasema ile yenyewe, ya Mjerumani, kipande cha shaba kilichogeuka cheusi, taji upande mmoja. Imefukiwa ardhini huko, lakini jina lake limebaki midomoni mwa watu. Mvua zikinyesha, jembe linaitoa pamoja na muhogo. Ukiigeuza utaona herufi ndogo, ndogo hasa, kama kichwa cha siafu. Ikiwa A, ilifuliwa Berlin. Ikiwa J, ilifuliwa Hamburg. Zile za wakati wa vita zilizofuliwa huku kwetu, Tabora, zina T. Mimi sijapanda ndege hata siku moja, lakini Hamburg naijua tangu usichana wangu. Hamburg ni herufi J.

Aliyenifundisha ni Bwana Nassor, mwenye duka hili la vitu vya kale kabla yangu. Ulimkuta mzee sana, nadhani unamkumbuka kwa harufu ya udi tu. Babu zake walitoka Oman, yeye alizaliwa mtaa huuhuu na aliukasirikia mtaa huuhuu mpaka anakufa. Aliniajiri kufagia. Kumbe macho yake yalikuwa yanafungwa na mtoto wa jicho na alikuwa anaona haya kusema, kwa hiyo kidogo kidogo nikawa mimi ndiye macho yake. Ananipa lenzi, ananipeleka dirishani asubuhi, mwanga ukiwa chini na unapita ubavuni mwa sarafu, anasema, "Haya Mwanaidi, nisomee."

Mara ya kwanza nikasema, "Nzuri, bwana."

"Nimekuuliza uzuri wake? Unataka kuiposa? Herufi imesimama au imelala?"

"Imesimama."

"Ina mguu?"

"Ina mguu."

"Mguu wa mviringo au bapa?"

Hapo nikakwama, kwa sababu sikujua kama herufi inaweza kuwa na mguu bapa. Akaniacha na ile lenzi mpaka adhuhuri.

Sikiliza basi. Sarafu inapigwa na muhuri wa chuma. Mapambo yote, taji, majani, mwaka, yanaingizwa kwenye muhuri ule kwa mashine, ya kila muhuri sawasawa na ya mwenzake. Ila herufi ya kiwanda, zamani hizo, iliingizwa kwa mkono. Fundi anashika kijichuma chenye herufi nchani, anakiweka mahali pake juu ya muhuri, anagonga kwa nyundo. Herufi ikiingia hafifu, anagonga tena. Hapo ndipo makosa yanapozaliwa. Mkono wake ukiwa umesogea upana wa unywele, J ya pili haikai juu ya ile ya kwanza, na muhuri unabaki na J mbili. Akipinda mkono, herufi inalala. Akisahau kabisa, haipo. Akichukua muhuri uliokwishapigwa A akaupiga J juu yake, ile A inachungulia kwa nyuma. Na muhuri ukishakosewa hivyo, kila hela itakayotoka kwake inatoka na kosa lilelile, mpaka muhuri uchakae au mtu agundue.

Kwa hiyo kila alipoletewa kosa, Bwana Nassor aliuliza, "Ndugu zake wako wapi?" Kosa la muhuri lina ndugu. Mahali fulani, ndani ya kopo la mtu au chini ya shina la mkorosho, iko hela nyingine iliyokosewa vilevile, kwa upande uleule, kwa kiasi kilekile. Ukiipata, umeshinda ubishi.

Halafu kuna yanayofanana na kosa nayo si kosa. Grisi ikijaa ndani ya herufi ya muhuri, herufi inatoka hafifu au haitoki, na watu wanakimbia kusema fundi alisahau. Ukilaza sarafu kwenye mwanga utaona kivuli chake. Wajanja nao wana yao. Anayeikwangua herufi anaacha mikwaruzo, na shaba ya pale inakuwa na ngozi tofauti na ya jirani. Anayebandika herufi ya sarafu nyingine anaacha mshono shinani. Na mwisho kuna mtikisiko. Huo ni pale muhuri umelegea ndani ya mashine, ukishapiga, wakati wa kuinuka unaruka kidogo na kuisukuma herufi pembeni. Unaona mbili, lakini ya pili ni bapa, iko chini kama kizingiti cha mlango, na ile ya kwanza imekonda kwa sababu imemegwa. J mbili za kweli zina migongo ya mviringo zote mbili, na zinapokatana unaona wazi moja imepita juu ya mwenzake. Mtikisiko haumo ndani ya muhuri. Umetokea kwa hela ile moja, na iliyofuata huenda ikatoka safi. Wakusanyaji wa sarafu hawautaki. Hauna ndugu.

Unajua vizuri kwa nini nimekuandikia kwa urefu, na unajua nachelewesha nini.

Ngoja kwanza nikuchekeshe, maana jana hakuna aliyecheka nyumba hii. Baba yako alikuja dukani mara ya kwanza na hela yenye herufi iliyobandikwa. Alikuwa kijana wa Kiwangwa anayeleta mananasi mjini, shati limepigwa pasi, kandambili mguuni. Nikaiweka chini ya lenzi. Mshono wake ungeuona hata bila lenzi, gundi ilikuwa inachuruzika. Bwana Nassor akauliza, "Vipi?" Nikamtazama yule kijana, nikasema, "Ya kweli, bwana." Siku ya tatu ya harusi yetu nikaamua kumwambia taratibu kwamba hela yake ilikuwa bandia, asije akaaibika mbele za watu. Alicheka mpaka akakaa chini. Aliibandika mwenyewe, kwa gundi ya kuzibia mipira ya baiskeli, apate sababu ya kuingia.

Kwa hiyo ujue mama yako alikuwa na ugonjwa huo tangu zamani. Nikipenda kitu, lenzi hainisaidii.

Sasa yako. Ulikuwa bado mdogo, meno ya mbele huna, tulipokwenda Makurunge kumsaidia shangazi yako kung'oa muhogo. Ukaniletea hela kwenye kiganja, nawe una udongo mpaka machoni. Nikaisafisha kwa mate na pindo la kanga, nikaitazama juani, nikaona J, na nyuma yake J nyingine. Kule kule shambani nikapiga ukelele. Tulipofika mjini sikungoja hata kushika lenzi. Nilisimama barazani, kanga imeniteremka begani, nawaita watu: mwanangu kaokota hela yenye jei mbili. Kufika jioni watoto wa mtaa wote walikuwa wanakuita Jei Mbili, na mpaka leo wengine hawalijui jina lako jingine. Ulitembea na jina lile kama umepewa kiti cha mbele harusini.

Baadaye niliitazama kwa lenzi, ndiyo. Lakini nilikuwa nimeshasema. Uchafu ulikuwa umejaa pale pembeni mwa herufi, na uchafu mgumu ukijaa unaumbika, unaipa herufi bapa mgongo wa mviringo. Nikaona mviringo. Bwana Nassor alikuwa amekwishatangulia mbele ya haki, hapakuwa na wa kuniuliza mguu ukoje. Na hata angekuwapo, yeye ndiye aliyenizoesha kuaminiwa na mtu asiyeona. Nilikuwa nikisema ni ya kweli, inakuwa ya kweli. Hilo si zuri kwa binadamu yeyote, hasa akiwa mama.

Halafu ikaja ile siku ya kuamkia Idi, uko darasa la tano. Tumetoa vyombo vyote vya shaba uani, masinia, birika, chetezo, tunasugua kwa ndimu na majivu kama kila mwaka. Nikaenda kutazama chungu jikoni. Kurudi nakuta umekaa kwenye mkeka, hela yako inang'ara kiganjani kama imefuliwa asubuhi ile.

Ukasema, "Nimeiogesha, mama. Nayo isherehekee."

Nilikufundisha usiishike usoni, uishike ukingoni. Nilikufundisha usiiangushe. Kuhusu ndimu sikukuambia kitu, maana haikunijia kichwani kwamba mtoto ataifanyia Idi sarafu. Hela haisuguliwi, ule weusi ndio ngozi yake. Nikakunyang'anya, nikasema neno moja.

"Umeiua."

Nalisikia mpaka leo. Wewe hukulia. Ulisimama mikono umeinyoosha mbele, inanuka ndimu, hujui uiweke wapi.

Nikaenda na hela dirishani. Uchafu umeisha wote. Na pale J ya pili, uchafu ulipotoka, palibaki kizingiti bapa. J ya kwanza ilikuwa imekonda. Ulikuwa mtikisiko, Rukia, tangu siku ilipotoka kiwandani. Ndimu yako haikuharibu herufi, ilinifumbua macho tu. Nililijua hilo kabla hujashusha mikono yako. Nikageuka, nikakuona vile ulivyosimama, nikafikiri watu wa mtaa, nikafikiri jina lako, nikafikiri mimi mwenyewe na kanga yangu begani. Nikasema, "Kaoge, tutaona." Wewe ukaelewa kwamba umeiharibu na mama amekusamehe. Na mimi nikakuacha uelewe hivyo.

Nilidhani litapita. Watoto wanasahau, ndivyo tunavyojidanganya sisi wakubwa. Lakini baada ya Idi ile nikaanza kukuona unashika vikombe kwa ukingo. Unashika daftari kwa ukingo. Mtoto wa mama yako mdogo alipozaliwa, ulinawa mikono mpaka vidole vikakunjamana, ndipo ukaomba umbebe, ukambeba kama umebeba bakuli la mchuzi limejaa pomoni. Watu wakasema huyu mtoto ana mikono ya pole, huyu ni wa kuuguza wagonjwa. Mwaka jana uliporudi kutoka kwenye usaili ukasema wamesifu mikono yako. Baba yako akashukuru Mungu. Mimi nikaingia jikoni kugeuza mkate ambao haukuwa tayari.

Sijui kama ungekuwa na mikono ile bila neno langu. Huenda ungekuwa nayo. Sitaki kujipa sifa kwa jeraha.

Sasa jana. Nimeirudia rudia jana mpaka najua nani alisema nini kwa zamu. Ulikuwa unapanga begi, ukaja mezani na hela yako.

"Mama, niifunge kwa pamba au kwa kitambaa?"

"Usiende nayo."

"Kwa nini? Sawa, niliiharibu, lakini ndugu zake si watakuwa kulekule walikofuliwa? Nitauliza. Wakiwaona ndugu zake wataiamini na yangu."

Nikakuona hapo hapo, umesimama Hamburg mbele ya watu wanaojua, unaeleza kwa lugha yao uliyojifunza kwa shida, na wao wanatazamana. Nikakuona unawaomba radhi kwa kuisugua.

"Haina ndugu," nikasema. "Ni mtikisiko. Ilikuwa hivyo kabla hujaisugua. Hukuua kitu."

Baba yako akaacha kutafuna.

"Umejua lini?" ukauliza.

"Siku ileile."

"Siku ileile ya Idi?"

"Ndiyo."

Baba yako akasema, "Mama Rukia, hayo si ungeyasema zamani?" Nikamwambia anyamaze, na hilo nalo nalijutia, kwa sababu aliuliza swali la haki.

Wewe ulikuwa unaitazama hela. Ukasema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo mimi jei ngapi?"

Nilidhani nakutua mzigo. Nilijiona tangu asubuhi nakutua mzigo, unashusha pumzi, unanikumbatia, unakwenda zako mwepesi. Sikufikiri kwamba mzigo na jina vimefungwa kwenye fundo moja, nikilifungua vinaanguka vyote. Ndipo ukaisukuma hela, ukataja viti viwili.

Leo asubuhi, ulipotoka, nimefanya jambo la kijinga. Nimemwaga hela zote za dukani juu ya mkeka dirishani, nikatafuta ndugu. Moja moja, kwa lenzi, mwanga ubavuni, kama nilivyofundishwa. Nilikuwa nataka sana kuwa nimekosea. Nilisema moyoni, nikiipata hata moja yenye J ya pili upande uleule, nitakimbia mpaka Makurunge nikuambie mama yako ni kipofu na wewe una hela ya kweli. Sikuipata. Nikaitazama yako tena, nikaigeuza, nikasafisha lenzi, nikaitazama. Bapa ni bapa. Siwezi kukupa mviringo usiokuwapo, hata leo, na leo ndiyo siku ambayo ningetaka zaidi.

Nimejiuliza pia kwa nini nilisema jana, si mwaka jana wala mwezi ujao kwa simu. Nilijiambia ni kwa ajili ya watu wa huko wasikucheke. Labda. Lakini nikijibana vizuri naona na jingine. Nilikuwa naogopa kwamba unaondoka bila kuniuliza kitu. Begi limejaa, hati zote tayari, lugha umejifunza, na mimi kazi yangu imebaki kukaanga vitumbua. Labda nilitaka ugeuke unitazame. Basi umegeuka, umenitazama, na sikukipenda nilichokiona usoni mwako.

Baba yako amepita hapa dirishani sasa hivi, mikono ina oili. Amechungulia.

"Unamwandikia mtu anayerudi leo magharibi?"

"Mdomoni yananitoka vibaya."

"Na hapo kwenye karatasi je?"

"Hapo nayaona kabla hayajatoka."

Ametikisa kichwa akaomba sabuni.

Siwezi kukufundisha uuguzi, wala baridi, wala Kijerumani. Ninalo moja tu ninalolijua kwa sababu limenigharimu. Huko wodini utakosea. Utampa mtu kitu cha mwenzake, utasahau, mkono utasogea. Sema hapo hapo, mikono yako ikiwa bado inanuka. Usingoje upate namna nzuri ya kusema. Mimi niliitafuta namna nzuri mpaka ukafika umri wa kupanda ndege, na nilipoipata haikuwa nzuri. Na asije mtu mdogo kwako akadhani kosa ni lake nawe unamwona, ukamwacha adhani.

Najua unaningoja niifananishe ile hela na wewe, maana nina tabia hiyo. Sikufananishi. Hela ni hela. Jina Jei Mbili hukupewa na muhuri wala na mimi, ulipewa na watoto wenzako waliofurahi kwamba mmoja wao kaokota kitu. Furaha yao haikuwa na mtikisiko. Ukilitaka jina, ni lako, ukilikataa, nitawaambia waache. Hela yenyewe nimeirudisha palepale ulipoisukuma, tulipokula asubuhi tukiizunguka. Ukiibeba, usiibebe kama kosa la kuonyesha watu. Ibebe kama hela uliyoiokota Makurunge ukiwa huna meno. Ukiiacha, nitaiweka pamoja na nyingine wala sitakuuliza.

Niseme na hili, kwa kuwa jana sikulisema na kesho nitashindwa. Sitaki uende. Nataka uende. Nimejaribu kujua lipi ni la kweli, na yote mawili yana mgongo wa mviringo. Nakupenda, Rukia. Nilikupenda hata pale dirishani nilipokosa ujasiri, na kukupenda kwangu hakukukusaidia kitu siku ile, kwa hiyo silitaji kama utetezi. Nalitaja ujue tu.

Sasa habari ya kesho. Viti ni viwili, sawa, sibishani na gari. Wewe utakaa mbele na baba yako kama ulivyotaka. Nyuma litakuwapo begi lako, na yatakuwapo mananasi, kwa sababu baba yako hawezi kwenda Dar mtupu hata siku ya kumuaga mwanawe, kuna mtu wake anamngoja Tegeta. Nimekwishamwambia aache nafasi kati ya begi na matenga. Nitakaa hapo, nimejifunga kanga kichwani kwa ajili ya vumbi. Askari wakitusimamisha, watajuana na baba yako. Sitagonga kioo. Sitaita jina lako. Ukitaka kununa, nuna kwa raha zako huko mbele, mimi nitakuwa natazama barabara inavyorudi nyuma.

Na ukiona huwezi, kwamba hata huko nyuma nakuelemea, mwambie baba yako asimame Bunju, pale Dar inapoanza, anishushe. Nitashuka, sitauliza kitu, nitarudi kwa gari la abiria. Nitakuwa nimekusindikiza mpaka Bunju.

Mama yako,
Mwanaidi